Shangazi, Baba na Polisi: Historia ya Nafasi ya Mzazi katika Uchumba wa Vijana Walukuba, Jinja, 1950–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mabadiliko ya nafasi ya mzazi katika maamuzi ya uchumba wa vijana katika mtaa wa Walukuba, mjini Jinja, tangu zama za ujenzi wa bwawa la Owen Falls hadi kufunguliwa tena kwa shule za Uganda mwaka 2022. Mtaa huo unasomwa sambamba na ushahidi wa Busoga vijijini, mji wa Iganga na eneo la Mbale. Hoja kuu ni kwamba lawama iliyozoeleka, kuwa wazazi wa siku hizi wamelegea, haielezi kilichotokea. Mzazi hakuondoka katika uchumba wa mwanawe. Kilichobadilika ni wakati wa kuingia kwake. Zamani ukoo uliingia mapema kupitia shangazi na wajumbe wa posa. Leo baba huingia baada ya mimba, na mara nyingi huingia akiwa mlalamikaji polisi. Makala yanapendekeza kwamba sera ilenge kumrudisha mzazi katika hatua ya awali, badala ya kumwongezea adhabu za kutoa katika hatua ya mwisho.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu vijana na mapenzi nchini Uganda huendeshwa kwa lugha ya hasara: maadili yamepotea, shangazi amekufa, simu imeharibu watoto. Lugha hiyo ina nguvu katika mimbari na katika vikao vya wazazi, lakini kihistoria ina kasoro mbili. Kwanza, inadhani kwamba kulikuwa na wakati ambapo baba na mama waliamua wenyewe mambo ya uchumba nyumbani mwao. Pili, inadhani kwamba kijana wa leo hujitosa hatarini kwa kuwa hakuna mtu mzima anayemwangalia. Ushahidi wa mashariki mwa Uganda unakataa dhana zote mbili.

Walukuba ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mtaa huo haukukua kutokana na ukoo mmoja wala kijiji kimoja. Ulijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na wakazi wake walitoka Busoga, Buganda, Bugisu, Teso, Bukedi, kaskazini mwa nchi na magharibi mwa Kenya. Kwa hiyo swali la nani ana haki ya kusema juu ya binti au kijana wa kiume halikuwa na jibu moja tangu siku ya kwanza. Makala yanategemea tafiti za kianthropolojia na kijamii zilizochapishwa tangu miaka ya 1950, sheria za nchi, hukumu za mahakama na takwimu za tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya.

2.0 Uchumba kama Kazi ya Ukoo

Katika jamii za Kibantu za kusini na mashariki mwa Uganda, mafunzo ya binti kuhusu mwili, mume na ndoa hayakuwa kazi ya mama mzazi. Yalikuwa kazi ya dada wa baba, yaani shangazi, ambaye kwa Waganda huitwa ssenga, na ambaye nafasi yake ilijulikana pia Busoga. Mama na binti walitenganishwa na haya. Baba na binti walitenganishwa zaidi. Sylvia Tamale, katika uchambuzi wake wa taasisi ya ssenga, ameonyesha kwamba mafunzo hayo hayakuwa ya utii peke yake: yalimpa binti pia maarifa na lugha ya kujadiliana na mume. Kwa maneno mengine, ukimya wa mzazi haukuwa uzembe. Ulikuwa sehemu ya mgawanyo wa kazi ambamo mtu mwingine alipewa jukumu la kusema.

Upande wa posa, maamuzi yaligawanywa vilevile. Baba alipokea mahari, lakini mazungumzo yalifanywa na ndugu na wajumbe. Lloyd Fallers, aliyefanya utafiti Busoga mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwamba ndoa za Wasoga zilivunjika kwa urahisi kwa sababu mke hakumezwa kabisa na ukoo wa mume. Alibaki binti wa kwao. Kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu mahakama za Busoga kinaonyesha jinsi mashauri ya wake waliotoroka na mahari zilizodaiwa kurudishwa yalivyoshughulisha mabaraza hayo. Jambo hili ni muhimu kwa sababu linaondoa picha ya utulivu wa zamani. Vijana wa Busoga walitoroshana, walikataa wachumba na waliwagombanisha wazee wao kabla ya redio na simu. Tofauti ni kwamba kulikuwa na watu waliojulikana ambao wajibu wao ulianza kabla ya ugomvi.

3.0 Mtaa wa Mshahara, 1950–1970

Ujenzi wa bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa na Malkia Elizabeth II mwezi Aprili 1954, uliigeuza Jinja kuwa mji wa viwanda. Nguo, sigara, shaba na sukari ya Kakira jirani zilivuta maelfu ya wanaume. Cyril na Rhona Sofer, waliochunguza mji huo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1955, walikuta jamii ya Waafrika yenye wanaume wengi kuliko wanawake, jambo lililokuwa la kawaida katika miji ya kikoloni. Sera ya kazi ilikuwa imemchukulia mfanyakazi kama mgeni wa mjini ambaye familia yake ilikuwa kijijini. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki iliyotoa ripoti yake mwaka 1955 ilipendekeza mwelekeo tofauti, yaani mfanyakazi atulie mjini na familia yake. Hata hivyo Walter Elkan, katika kitabu chake cha mwaka 1960, alionyesha kwamba wafanyakazi wengi waliendelea kushikilia mashamba yao vijijini, kwa kuwa shamba ndilo lililokuwa bima ya uzee.

Mpangilio huo ulikuwa na athari tatu kwa uchumba. Ya kwanza ni umbali. Shangazi alibaki kijijini pamoja na shamba, na mtoto aliyekulia mjini alimwona wakati wa likizo au msiba. Ya pili ni mshahara. Kijana wa kiume aliyepata kazi kiwandani aliweza kujikusanyia mahari bila kungoja ng'ombe wa dada yake au radhi ya baba, na hivyo mzee alipoteza kishikizo chake kikubwa. Ya tatu ni nyumba. Katika vyumba vichache, wazazi na watoto waliishi karibu kimwili huku adabu ikiwataka wawe mbali kimazungumzo. Haya iliyokuwa na maana palipokuwa na shangazi iligeuka kuwa kimya kisichojazwa na mtu.

Wakazi hawakukaa bure. Vyama vya watu wa asili moja vilijaribu kuchukua nafasi ya ukoo. Luo Union, iliyokuwa na matawi katika miji ya Afrika Mashariki, ilijulikana kwa juhudi za kuwarudisha makwao wanawake walioonekana kuishi mjini bila mume wala baba. Utafiti wa David Parkin katika mitaa ya Nakawa na Naguru jijini Kampala, uliochapishwa mwaka 1969, unaonyesha jinsi ndoa na mahari zilivyotumiwa kulinda mipaka ya kikabila ndani ya mtaa wenye watu wa makabila mengi. Mfano huo unasaidia kuielewa Walukuba, kwani mitaa hiyo ilijengwa kwa fikra moja. Lakini ulinzi wa vyama ulikuwa wa upande mmoja: ulifuatilia mienendo ya wanawake na kuwaacha wanaume. Isitoshe, ulirudisha watu nyumbani baada ya jambo kutokea, haukufundisha.

Hapa suala la lugha linastahili kutajwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya mawasiliano ya mtaa huo: kiwandani, sokoni, relini na kambini. Jinja ilikuwa pia mji wa jeshi, na ndiko askari walikoasi mwezi Januari 1964. Kiswahili cha Uganda kilishikamana na amri, kazi na bunduki. Mafunzo ya shangazi, kwa upande wake, yalikuwa ndani ya Kisoga, Kiganda, Kigisu au Kijaluo, pamoja na mafumbo na mizaha yake. Inawezekana kusema, basi, kwamba familia nyingi za Walukuba zilikuwa na lugha ya pamoja ya kuzungumza na jirani, lakini lugha hiyo haikubebeshwa msamiati wa staha wa kumfundisha mtoto wa jirani. Hali hiyo inatofautiana na ile ya pwani, ambako unyago na kazi ya kungwi viliendeshwa kwa Kiswahili chenyewe.

4.0 Kuporomoka kwa Mji, 1970–1986

Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwaondoa wafanyakazi wengi wa Kenya, na mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kwa muda wa siku 90. Jinja, ambayo viwanda na biashara zake zilitegemea makundi hayo kwa kiasi kikubwa, iliumia kuliko miji mingi. Mshahara uliokuwa umempa kijana uhuru ulipoteza thamani. Matokeo yake hayakuwa kurudi kwa mamlaka ya wazee. Baba aliyekosa kazi hakuweza kulipa karo wala kumsaidia mwanawe kutoa mahari, na mama aliingia zaidi katika biashara ndogo, bustani za mboga na uchuuzi. Katika mazingira hayo wanaume na wanawake wengi waliishi pamoja bila posa kukamilishwa.

Sheria ya mwaka 1973 ya kusajili ndoa za kimila iliweka umri wa chini wa miaka 16 kwa msichana na 18 kwa mvulana, ilhali Sheria ya Ndoa ya zama za ukoloni ilidai kibali cha mzazi kwa aliye chini ya miaka 21. Kwa hiyo dola ilikuwa na majibu mawili yasiyolingana kuhusu lini mzazi huacha kuwa mwamuzi. Kwa wakazi ambao hawakusajili ndoa zao, majibu yote mawili yalibaki katika karatasi.

5.0 Ukimwi, Sheria ya 1990 na Baba Mahakamani

Mabadiliko makubwa yalikuja na Ukimwi. Hatari ya mapenzi ya ujana, ambayo zamani ilikuwa mimba na fedheha, ikawa kifo. Mwaka 1990 Kanuni ya Adhabu ilirekebishwa: umri wa ridhaa ya msichana ulipandishwa kutoka miaka 14 hadi 18, na kosa la unajisi likawekewa adhabu ya juu kabisa ya kifo. Watetezi wa haki za wanawake na watoto waliunga mkono hatua hiyo wakiwa na sababu nzito. Walimlenga mwanaume mtu mzima mwenye fedha, anayemlaghai mwanafunzi kwa zawadi na kumwambukiza.

Utafiti wa Shanti Parikh katika mji wa Iganga, karibu kilomita 40 mashariki mwa Jinja, unaonyesha kwamba sheria ilipofika chini ilifanya kazi nyingine. Walioshtakiwa kwa wingi hawakuwa matajiri wazee; walikuwa vijana maskini, na wengi wao walikuwa wapenzi wa wasichana waliotajwa katika mashtaka. Walalamikaji wakuu walikuwa baba wa wasichana hao. Sheria ilimpa baba aliyekuwa amepoteza ng'ombe, mshahara na shangazi njia mpya ya kudai fidia na heshima. Mwenye fedha alilipa, na shauri likaisha nje ya mahakama. Asiye na fedha alikaa rumande. Msichana, ambaye sheria ilitungwa kwa jina lake, mara nyingi hakuulizwa alitaka nini.

Itakuwa makosa kusoma ushahidi huu kama hoja ya kufuta ulinzi wa watoto. Wasichana wa Jinja na Iganga walidhulumiwa, na bado wanadhulumiwa, na watu wazima wakiwemo ndugu na walezi wao. Kinachoonekana ni kwamba chombo kimoja cha jinai kilibebeshwa mashauri mawili tofauti: dhuluma ya mtu mzima dhidi ya mtoto, na uhusiano wa vijana wawili uliokataliwa na wazee. Bunge lilitambua tatizo hilo kwa sehemu mwaka 2007, lilipotenganisha unajisi wa kawaida na ule uliokithiri, kama vile wa mtoto aliye chini ya miaka 14 au unaotendwa na mzazi au mlezi. Liliweka pia utaratibu wa pekee kwa watoto wanaohusika wao kwa wao.

Wakati huohuo mazungumzo ya awali yalihamia kwenye karatasi. Gazeti la Straight Talk, lililoanza mwaka 1993, liliwapa vijana nafasi ya kuuliza kwa barua mambo ambayo hawakuweza kuyauliza nyumbani. Parikh naye amesoma mamia ya barua za mapenzi za vijana wa Iganga na kuonyesha kwamba waandishi wake hawakuwa wapumbavu waliokosa habari. Walijua hatari. Walipima hatari ya ugonjwa dhidi ya hatari nyingine walizoziona karibu zaidi: kudharauliwa na wenzao, kukosa karo, kuachwa, kubaki bila mtu. Matokeo hayo yanabadilisha maana ya kujitosa hatarini. Kijana anayeficha barua hafichi kwa sababu haogopi chochote. Anaficha kwa sababu mtu mzima akijua, hatua inayofuata ni kiboko, kufukuzwa nyumbani au polisi.

6.0 Mbale: Hatari Yenye Wasimamizi

Eneo la Mbale linatoa mfano wa kulinganisha. Miongoni mwa Wagisu, tohara ya imbalu hufanyika hadharani katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na msimu wake huzinduliwa Mutoto, karibu na mji. Suzette Heald, aliyeichunguza kwa muda mrefu, anasisitiza kwamba kijana ndiye anayepaswa kutangaza kuwa yuko tayari. Nguvu yake inadaiwa itoke moyoni mwake. Anasimama bila kutikisika mbele ya ndugu na majirani. Akifaulu, anatoka katika hali ya usinde, yaani uvulana, na kuwa mtu mzima anayestahili mke. Baba naye hubaki na deni la kumpa ardhi na kumsaidia mahari.

Funzo la imbalu kwa mada hii halipo katika kisu. Lipo katika mpangilio wake. Jamii haikujaribu kumwondolea kijana hatari. Ilimpangia hatari inayojulikana, yenye siku, mashahidi na wajibu wa pande zote. Uamuzi ulikuwa wa kijana, usimamizi ulikuwa wa wazee, na majukumu ya mzazi yalitajwa mapema. Hata hivyo mfano huo una mipaka. Ni wa wanaume. Ngoma na mikesha ya msimu imekuwa pia nafasi ya mapenzi yasiyosimamiwa, na msichana anayepata mimba humo hana sherehe inayomtambua. Tena, uhaba wa ardhi katika miteremko ya Elgon umefanya deni la baba liwe gumu kulipika. Kwa hiyo Mbale haiwezi kunakiliwa Walukuba. Inachoonyesha ni kwamba mamlaka ya mzazi na uamuzi wa kijana viliwahi kuishi katika taratibu moja.

7.0 Kipimo cha Miaka ya Karibuni

Takwimu za kitaifa zinaunga mkono umuhimu wa hatua ya awali. Mwaka 1995, asilimia 43 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 31 katika utafiti wa 2000–01 na asilimia 25 mwaka 2006. Tangu hapo kimesimama karibu robo moja: 24 mwaka 2011, 25 mwaka 2016, na 24 mwaka 2022. Kipindi cha kushuka kinalingana na upanuzi wa elimu ya msingi bila malipo ulioanza mwaka 1997 na kampeni za wazi kuhusu Ukimwi. Kulingana kwa nyakati si uthibitisho wa chanzo. Lakini ni vigumu kudai kwamba tishio la adhabu ndilo lililofanya kazi, kwa kuwa sheria ya adhabu imeendelea kuwepo katika miaka yote ambayo kiwango kimekwama.

Kufungwa kwa shule kutokana na korona, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, kuliweka dhana ya uwepo wa mzazi kwenye mtihani. Vijana walikuwa nyumbani, au karibu na nyumbani, kwa karibu miaka miwili. Mimba za wanafunzi zikawa hofu ya taifa zima. Mwishoni mwa mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo unaomruhusu msichana aliyezaa kurudi shuleni. Ukaribu wa kimwili pekee, basi, haukutosha. Katika mtaa wa wafanyakazi, mzazi hutoka alfajiri kwenda sokoni, kiwandani au kwenye ufuo wa Masese na kurudi usiku. Na hata anapokuwepo, kimya kilichorithiwa kipo pamoja naye.

Kuhusu mahari, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu tarehe 6 Agosti 2015 katika shauri lililofunguliwa na shirika la MIFUMI la Tororo. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku, lakini desturi ya kudai irudishwe ndoa inapovunjika ilitangazwa kuwa kinyume cha katiba. Hukumu hiyo ilipunguza uzito wa fedha katika uamuzi wa mwanamke wa kuondoka. Haikugusa uzito wa fedha katika makubaliano ya siri kati ya baba wa msichana na familia ya mvulana baada ya mimba.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Methali husema samaki mkunje angali mbichi. Kwa kawaida hutumiwa kuhimiza ukali wa mapema. Historia ya Walukuba inaielekeza kwingine: ukali uliongezeka kadiri mazungumzo ya mapema yalivyopungua, na samaki akawa anakunjwa akiwa amekwisha kukauka. Shangazi alikaa kijijini, chama cha kikabila kikarudisha wanawake, baba akaenda polisi. Kila hatua ilikuwa ya mtu mzima aliyejali, na kila moja ilichelewa zaidi ya iliyotangulia.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, programu za malezi zisianze kwa kudhani kwamba baba na mama watazungumza na watoto wao kwa urahisi. Adabu ya haya kati yao ina historia ndefu. Inafaa kutambua rasmi watu wa kati katika mtaa, wanawake na wanaume, watakaofanya kazi ya shangazi kwa watoto wa makabila yote, wavulana wakiwemo, chini ya uangalizi wa mabaraza ya mtaa na kwa masharti ya ulinzi wa mtoto. Pili, Kiswahili, ambacho baraza la mawaziri mwezi Julai 2022 liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kufundishwa shuleni, kitengenezewe msamiati wa staha wa kuzungumzia mwili, ridhaa na uchumba. Mtaa kama Walukuba unakihitaji kwa kazi hiyo kuliko kwa matangazo ya serikali. Tatu, polisi na maofisa ustawi wa jamii wayatenganishe mapema mashauri ya dhuluma na mashauri ya vijana rika moja, ili fidia ya baba isichukue nafasi ya haki ya binti.

Hakuna pendekezo hapa linalompunguzia mzazi mamlaka. Linalopendekezwa ni kwamba mamlaka hayo yatumike wakati ambapo bado kuna uamuzi wa kufanywa, na kijana bado yupo chumbani kuusikiliza na kuujibu.